Kocha Aliyekuja Kuposa Kiwiko

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, dada mkubwa wa nyumba, mdogo wangu Furaha, ambaye mambo yote yalikuwa yake lakini hakuruhusiwa kusema neno, mdogo wetu wa mwisho, Riziki, aliyekuwa jikoni akijifanya anapika huku anasikiliza, baba mdogo Bauma, aliyekuja na koti lake la kwendea harusi za wengine, jirani yetu Mama Sifa, ambaye hakualikwa, mchungaji wa chuo, wanafunzi wawili waliobeba kidumu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mbuzi jike mmoja, mweupe, mwenye doa jeusi shingoni, na Kocha. Kama nimemsahau mtu, basi huyo hakunywa.

Ninayetaka kumsimulia ni Kocha. Jina lake nalijua, lakini huku kwetu Nyamitaba hakuna aliyelitumia. Zamani alicheza mpira wa kikapu kwa kulipwa, mahali ambapo hata leo sijui vizuri ni wapi, na tulipomfahamu alikuwa akifundisha timu ya wasichana ya chuo cha ualimu, kile kilichoko mlimani upande wa barabara ya Masisi. Alikuwa mrefu kiasi kwamba siku ile, alipoingia kwetu, boriti ya mlango ilimgonga paji la uso. Hakulalamika. Aliweka kiganja pale palipouma, akasema, "Nyumba imenisalimia. Wenyeji nao, muko namna gani?"

Huku milimani, watu wakija kuposa hawasemi walichokuja kutafuta. Wanazunguka. Watasema walipita njia wakaona ua zuri kwenye boma lenu, au kwamba ndama wao amepotelea zizini kwenu. Wenye binti nao hujifanya hawaelewi mpaka kasiksi ipungue. Kwa hiyo Kocha aliposimama, akavua kofia na kukohoa, sote tulidhani tunajua kinachofuata.

"Ba Papa na ba Mama ba hii nyumba," akasema, "tulipita hapa siku ya soko. Tuko natembea tu, hatuna mubaya na muntu. Tukaona kiwiko."

Baba mdogo Bauma akatega sikio. "Muliona nini?"

"Kiwiko, Papa. Ya kuume. Inapanda sawasawa, haitoke inje. Tangu ile siku, kule kwa chuo batu habalale."

Mama Sifa alicheka mpaka akashika nguzo. "Miye niko na viwiko mbili," akasema, "na hakuna siku muntu alikuya kuviomba!"

Kiwiko chenyewe kilikuwa cha Furaha. Siku ya soko tulikuwa tunapakia kabichi kwenye gari la kwenda Sake. Kazi hiyo inafanywa kwa kurusha: mmoja chini, mmoja juu ya gari, kabichi moja moja. Wengine husimama karibu na gari ili wasichoke. Furaha alikuwa anasimama mbali, karibu na rundo, kwa sababu alikuwa mvivu wa kutembea na si mvivu wa mkono, na kila kabichi ilimfikia mpokeaji kifuani bila yeye kusogeza mguu. Kocha alikuwa amesimama barabarani na mkungu wa ndizi begani. Alisahau kuushusha mpaka gari likajaa.

Chuo kilikuwa na nafasi chache za kusoma bila kulipa, za wachezaji. Hilo ndilo lililokuwa limelala chini ya kasiksi na mbuzi na kiwiko. Mimi niliacha shule nikiwa darasa la tano la msingi, mwaka tulipowazika wazazi, ili hawa wadogo wasiache. Furaha alimaliza sekondari kwa maharage yangu. Lakini maharage yalifika hapo yakasimama. Diploma yake ya sekondari ilikuwa imekaa miaka miwili ndani ya sanduku, chini ya vitenge vya mama yetu, na yeye alikuwa ameanza kusema kwamba kusoma sana kunaharibu macho. Mtu akianza kusema hivyo ujue amekata tamaa na anatafuta heshima ya kukatia.

Baba mdogo Bauma alivuta kiti mbele. "Bon," akasema. "Huyu mutoto haina baba. Miye njo nitasema."

Kocha alimwangalia kwa heshima, kisha akatuangalia sisi sote. "Samahani Papa. Ndani ya hii nyumba, mukubwa ni nani?"

Baba mdogo alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na yangu, na katika ukoo mambo kama hayo ni afadhali yasiulizwe. Ni Mama Sifa, ambaye hakualikwa, aliyesema kutoka mlangoni: "Mukubwa ni ule mwenye kuamukaka wa kwanza."

"Basi njo huyu," Kocha akasema, akageuza kiti chake kunielekea mimi, na kuanzia dakika hiyo aliniita Dada Mkubwa, ingawa alikuwa na umri wa kunizaa.

Niliogopa, sitaficha. Barabara ile ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa nyumba yenye watoto. Msichana angelala huko, angesafirishwa kwenda kucheza hapa na pale, mikononi mwa mzee asiyeeleweka alikotoka. Na jembe lake lingebaki bila mtu. Nikamwuliza: "Na mukichoka naye? Mutamurudisha kama sufuria ya kuazima?"

"Dada Mkubwa," akasema, "bibi arusi harudishwake bila kosa. Nakuya na mbuzi, nakuya na pasta, nakuya na mashahidi. Kama nilitaka kuazima, ningekuya na domo tu."

"Lakini haina baba," baba mdogo akarudia, maana bado alikuwa na uchungu wa kiti.

"Papa Bauma, ringi haiulizake muntu jina ya baba yake. Mupira ikiingia, imeingia."

Nilikubali. Mchungaji akaomba, Mama Sifa akapiga vigelegele, mbuzi akafungwa kwenye mparachichi. Kesho yake Nyamitaba nzima ilikuwa inasema kwamba Furaha ameolewa na mzee mrefu mwenye magoti mabovu. Vijana wawili waliokuwa wakitusaidia kulima bila kuombwa waliacha ghafla, na ndipo nilipojua walikuwa wanasaidia nini.

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu anakumbuka juu ya Kocha ni kwamba hakumpa mtu kitu mkononi. Alirusha. Sabuni, funguo, Biblia, muhogo uliochemshwa, vyote vilikujia hewani, na yeye alikuwa tayari anaangalia kwingine. Alisema kumpa mtu kitu mkononi ni kumtukana, ni kusema hana macho. Siku moja alimrushia Mama Sifa yai, kutoka mwanzo wa ua mpaka mlangoni kwake. Mama Sifa, ambaye hajawahi kukimbia tangu kuzaliwa kwake, alilipokea kwa mikono miwili likiwa zima, akabaki amelikumbatia bila kupumua.

"Kitu ikishikwa muzuri haivunjike," Kocha akamwambia.

Tangu hapo Mama Sifa huwaambia wageni kwamba naye alichezaga zamani kidogo.

Juu ya alikocheza, nilisikia masimulizi mengi kuliko idadi ya viatu vyake. Kinshasa alicheza, hilo halina ubishi, kwa sababu akikasirika alitukana kwa Kilingala cha mjini kabisa. Baada ya Kinshasa alicheza ng'ambo, kwenye nchi ya baridi. Mara nchi hiyo ilikuwa na bahari, mara haikuwa nayo. Aliacha kwa sababu ya goti. Mwaka mwingine aliacha kwa sababu ya chakula, kwamba walimpa majani mabichi kama sungura. Mara moja, mbele ya wasichana wa timu, aliacha kwa sababu mke wa rais wa klabu alimwomba wacheze dansi, na Kocha akamkanyaga. Nilimwuliza siku moja ipi ni kweli. Akasema, "Goti njo kweli. Zingine ni ya kusaidia goti, isisikie upweke."

Ushahidi pekee ulikuwa jozi ya viatu vilivyoning'inia ukutani kwenye chumba chake pale chuoni, vikubwa kama mitumbwi ya watoto. Hakuna aliyeruhusiwa kuvijaribu. Wasichana walisema panya alizaa ndani ya kimoja na Kocha akamwacha mpaka watoto wake walipofungua macho.

Alikuwa mkali wa saa. Msichana akichelewa mazoezi alizungushwa uwanja mpaka akumbuke jina la mchungaji aliyembatiza. Lakini yeye mwenyewe alichelewa kila siku, kwa sababu kufunga kamba za viatu kulimchukua muda wa misa fupi. Alikataza kasiksi kabisa, na kabla ya kuikataza aliionja, ili asikataze kitu asichokijua. Aliwafundisha kwamba asiyeheshimu arbitri, mwamuzi wa mechi, hana mama, kisha mechi ikianza alimwuliza arbitri habari za macho yake, za ukoo wake, na kama kule kwao kuna mtu anayejua kuhesabu. Kanisani aliimba sauti ya chini, nyuma ya wengine kidogo, kama mtu anayefunga geti baada ya ng'ombe kupita.

Na alikuwa mwizi wa kisoro. Huo ni mchezo wetu wa mbegu na vishimo, na mimi si mtoto katika mchezo huo. Kocha alisema katika mpira wa kikapu hajawahi kudanganya hata mara moja. Kwenye kisoro alificha mbegu mdomoni. Nilimwona shavu limevimba, nikamwambia asalimie. Akasalimia kwa kichwa.

Safari ya Walikale Furaha aliisimulia kwa wiki nzima. Walikwenda kwa pikipiki, wasichana wawili wawili nyuma ya kila dereva, na mvua ya msituni ikawapokea kabla ya wenyeji. Walipofika, uwanja ulikuwa tope tupu. Wasichana wa Walikale walikuwa wamezoea; walikuwa wanapasha misuli pekupeku, wanacheka. Wetu walikuwa na jozi moja tu ya viatu kila mmoja, wakakataa kuingia. Kocha alikaa chini, akaanza kufungua kamba zake, polepole, kama kawaida yake. Watu walikusanyika kuangalia. Alipomaliza akavua soksi, akakunja suruali, akaingia katikati ya uwanja na magoti yake ya thamani, akazama mpaka kifundo.

"Ni muzuri!" akawaita. "Ni baridi! Njooni, mutakufa na usafi!"

Walicheza pekupeku. Walipigwa vibaya sana. Kocha aliwaambia wenyeji kwamba mpira wao una malaria, akanunua samaki wa kukaushwa, na njia nzima ya kurudi aliimba.

Sasa nieleze kosa, kwa sababu bila kosa hilo nisingekuwa na la kusimulia.

Uwanja wa chuo ulikuwa mlimani, na kwetu mlima haukuachii mahali pa kuweka hata sinia. Kocha aliuchimba mwenyewe kwa salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi, akiwa na wanafunzi na majirani na majembe ya kuazima. Walichimba mpaka wakakuta mwamba. Hapo wakasema uwanja umekuwa sawa. Haukuwa sawa. Ulikuwa umelala upande wa kushoto, kuelekea bondeni, na mpira uliotoroka ulifuatwa mpaka kwenye shamba la viazi la watu. Ringi mbili zilikuwepo, za chuma cha kujengea, lakini moja ilikuwa imefungwa kwa kamba na ilitumika siku za mechi tu. Kwa hiyo mwaka hadi mwaka wasichana walifanya mazoezi kwenye ringi ile moja nzima, kilima kikiwavuta kushoto, na bila kuambiwa na mtu mikono yao ikajifunza kuvuta kulia. Timu zilizokuja kututembelea zilirusha mipira yao bondeni. Yetu iliingia. Kocha alisema hiyo ni kazi na nidhamu.

"Tereni iko ndani ya kichwa," aliwaambia kila siku juu ya uwanja ule. "Chini ni fasi ya kuweka miguu tu."

Mwaka wa pili wa Furaha chuoni, walialikwa Goma kucheza na chuo kimoja cha mjini. Mkurugenzi wa chuo chetu, ambaye wote walimwita DG, alikuwa mtu wa suti na hofu. Alikuwa hazipendi zile nafasi za bure tangu zamani. Akasema mbele ya timu nzima: wakileta aibu Goma, nafasi zinafutwa, na kila asiyeweza kulipa atarudi kwao kuchunga ng'ombe. Furaha alinitumia habari hiyo kupitia dereva wa pikipiki. Sikulala vizuri juma lile. Nilipakia maharage yangu kwenye gari la Goma siku ile ile ya mechi, nikayauza kwa haraka ya mtu anayekimbiza jeneza, nikaenda uwanjani.

Uwanja wa mjini ulikuwa wa saruji, umenyooka kama meza. Mechi ikaanza. Furaha akarusha, mpira ukapita kulia kwa ringi. Mwenzake akarusha, kulia. Wa tatu, kulia. Ilikuwa kama ringi inawakwepa. Watu wa mjini kwanza walinyamaza kwa huruma, halafu wakaanza kupiga kelele kila mpira unapotoka mkononi: "Kuumeee!" Wasichana wetu walikuwa wanatoka machozi wakikimbia. DG alivumilia hadi mapumziko. Hapo akasimama, akafunga vifungo vya koti, akaingia kwenye gari lake, akaondoka.

Kocha alikwenda kwa arbitri. Nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Arbitri, hii tereni iko inalala."

"Inalala namna gani?"

"Inalala kwa kuume. Mulijenga mubaya. Tusimamishe mechi."

Arbitri, kijana mpole, aliomba chupa ya maji, akailaza chini ubavu katikati ya uwanja. Chupa ikatulia. Akaigeuza upande mwingine. Ikatulia. Uwanja mzima ulicheka, mimi nikatamani ardhi ichukue mtu, na kama ingechagua ningemwonyesha nani.

Kocha aliinama akaitazama ile chupa muda mrefu. Kisha akaitazama miguu ya wasichana wake, waliokuwa wamesimama mstari mmoja wakinywa maji. Wote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, walikuwa wameegemea upande mmoja, kama migomba baada ya upepo. Uso wake ukabadilika. Akajipiga paji la uso lile lile lililosalimiwa na nyumba nyingi. Halafu akakimbia, kwa magoti yale, mpaka kwa mama mmoja aliyekuwa anauza biskuti pembeni.

"Mama, biskuti bakia nazo. Miye nataka nyumba yake."

Akachukua boksi tupu, akalichana kwa meno na mikono, akakunja vipande, na kila msichana akawekewa kimoja ndani ya kiatu cha kulia. "Sasa muko kwenu," akawaambia. "Mulima iko chini ya mguu. Mucheze."

Kipindi cha pili nilikiona kwa macho yangu na bado huwa naona kama nimesimuliwa. Mipira iliingia. Si yote, lakini iliingia, na ile kelele ya "Kuume" ikafa kidogo kidogo. Kocha wa mjini alilalamika kwamba wageni wana kitu ndani ya viatu. Arbitri alimvua Furaha kiatu, akachungulia, akanusa. "Iko kartoo," akatangaza, na mechi ikaendelea. Walishindwa kwa kikapu kimoja tu. Watu wa mjini waliwapigia makofi wakitoka.

Lakini DG alikuwa ameona nusu ya aibu, na nusu hiyo ilimtosha. Juma lililofuata Furaha alirudi nyumbani na godoro lake kichwani.

Hakulia. Alichukua jembe siku ile ile, akalima mistari yake imenyooka, na hilo lilinitisha kuliko kilio. Jioni, kabla giza halijaingia, Kocha alifika kwa pikipiki. Alipigwa na boriti, akasalimia, akakaa. Hakuomba msamaha kwa uwanja. Aliuliza tu: "Mbuzi wangu iko wapi?"

"Mbuzi gani?" nikamwuliza kwa hasira. "Mbuzi ni yetu."

"Njo iyo. Kesho muilete kwa chuo. Wewe, Papa Bauma, na Mama Sifa. Mukamate kamba yake muzuri. Miye sikuya hapa leo."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amefanya siku ya kiwiko, na nikaelewa kwa nini alimleta mchungaji. Kwetu, mume akimrudisha mke, ukoo wa mke hupeleka mifugo ya mahari mpaka mlangoni kwa mume. Akiipokea kamba, ndoa imekwisha, lakini kabla ya kuipokea ni lazima ataje kosa la mke mbele ya watu. Akitaja kosa la uongo, au akikosa la kutaja, soko zima litajua kwamba kwao wanawake wanarudishwa bure, na binti zake mwenyewe hawataolewa kwa amani. DG, ambaye kama mkubwa wa chuo ndiye aliyesimama mahali pa mume, alikuwa mtu wa milima hii hii. Alikuwa na mabinti watatu.

Tuliingia ofisini kwake sisi watatu na mbuzi. Mchungaji aliitwa. Kocha alikuwa tayari amesimama pembeni, kichwa kimeinama, sijui kwa majuto au kwa sababu ya dari.

"Hii mbuzi inafanya nini kwa biro yangu?" DG akauliza.

Baba mdogo Bauma alikuwa amevaa lile koti. Nimemlaumu mara nyingi katika maisha, lakini siku ile alisema vizuri kuliko wakili. "Mbuzi yenu, Papa DG. Muliposa kwetu, mumerudisha. Pokea. Lakini kabla hujapokea, sema kosa ya mutoto."

"Hakuna kosa. Ni reglema, ni sheria ya chuo."

"Basi reglema ipokee kamba."

Akainyoosha kamba. DG akarudisha mikono nyuma. Baba mdogo akamgeukia katibu. Katibu akakumbuka kazi kwenye chumba cha pili. Kamba ilizunguka ofisi ile yote na hakuna aliyeigusa.

"Lakini nani aliposa?" DG akasema. "Chuo hakiposi!"

"Pasta," Mama Sifa akauliza kwa upole wa kutisha, "kwetu uliomba ao hukuomba?"

"Niliomba," mchungaji akasema.

"Uliomba kwa jina ya nani?"

Mchungaji alimwangalia DG, akamwangalia Mungu kupitia dirisha. "Kwa jina ya Bwana," akasema. "Na kidogo kwa jina ya chuo."

Wakati huo mbuzi, ambaye hakuwa na kesi na mtu, alikuwa amefika dirishani na kuanza kula pazia. DG aliona. "Arudi darasa!" akapiga kelele. "Mutoto arudi darasa, wote barudi, na hii nyama itoke!"

"Na faini?" baba mdogo akauliza, maana kumwaibisha bibi arusi bila kosa kuna faini yake, mbuzi wa pili. DG alionyesha mlango. Ni Kocha aliyeinua mkono kutoka pembeni kama mwanafunzi: "Faini iko juu yangu."

Furaha alimaliza chuo. Sasa anafundisha hesabu huko Ngungu, na kila jioni anafundisha wasichana kurusha mpira kwenye ringi aliyoitengenezesha kwa mhunzi. Alitafuta mahali palipo sawa kwa miezi, akapapata karibu na soko. Kocha alipoambiwa alisikitika. "Tereni iko plat?" akauliza. "Basi batajifunza nini?"

Nilimwona Kocha mara ya mwisho msimu huu wa maharage, Sake, pale barabara za Goma, Masisi na Minova zinapokutana. Aliacha kazi muda sasa. Magoti yalikuwa yameshinda. Alikuwa amekaa kwenye gunia karibu na wauza miwa, na hata akiwa amekaa alikuwa mrefu kuliko wateja. Sikumwona kwanza. Niliona parachichi linanijia usoni. Nilidondosha kikapu, nikalikamata kwa mikono miwili.

"Ah, Dada Mkubwa!" akasema. "Na wewe kumbe uko na kiwiko!"

"Koch, ungeniua mbele ya batu."

"Muntu mwenye kuamuka wa kwanza haufe na avoka. Bibi arusi wetu anaendelea?"

Nikamweleza habari za Furaha. Alisikiliza amefumba macho, akiitikia kwa kichwa kila nilipotaja shule, kana kwamba nasoma matangazo kanisani. Mguu wake ulikuwa umenyooshwa mbele, umefungwa kitambaa. Nilipomaliza, nikaona afadhali nimchokoze kuliko kumwonea huruma, maana huruma asingeikamata.

"Na ile mbuzi ya faini, Koch? Papa Bauma anaulizaka kila siku ya Mungu."

"Inakuya."

"Miaka yote hii?"

"Inakuya kwa miguu. Barabara ni mubaya, wewe mwenyewe unajua."

"Koch."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akachukua kipande cha muwa, akakigeuza mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alinipa kitu mkononi, polepole, akahakikisha nimekishika.

"Dada Mkubwa, niambie," akasema. "Nikilipa ile mbuzi, kesi imeisha. Kesi ikiisha, miye nitakuyaka kwenu kama nani?"

Gari langu lilikuwa linapiga honi. Nilipanda juu ya magunia, nikamwona anapungua kwa mbali, ingawa si haraka kama watu wengine.

Nilipofika Nyamitaba, baba mdogo Bauma alikuwa kwenye benchi letu ananisubiri. Aliuliza bei ya maharage, akauliza barabara, halafu akauliza anachouliza kila mara: mdaiwa wetu nimemwona?

"Nimemuona."

"Na mbuzi?"

"Bado," nikamjibu, nikaingia ndani kuwasha moto, nikimwomba Mungu yule mzee asije akapata mbuzi wa kutulipa.